Vifungo vya Koti la Baba

Mwanda, 12 Januari 2025

Mwanangu Sylus,

Nakusalimu sana, na baada ya salamu natumaini u mzima. Sisi huku tu wazima. Mvua ilikuja kidogo tukapanda maharagwe, yameota yakiwa na manjano, sijui ni nini. Dada yako Cynthia yuko bado Njukini na mume wake, wamevuna mahindi gunia tisa. Ng'ombe alizaa dume. Kanisani wamebadilisha paa.

Utaniuliza mbona mama anaandika barua na simu iko. Simu nikipiga inaita mpaka inanyamaza. Na ukipokea unasema, mama niko na kasitoma. Halafu babako akiniona na simu anataka niweke sauti kubwa, na kuna mambo siwezi kusema kwa sauti kubwa. Karatasi haisikiki. Unajua nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo soma polepole, mahali nimekosea utajaza mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane tarehe ishirini na nne, mimi na babako tutakuwa tumemaliza miaka hamsini ya ndoa. Mchungaji anataka kutubariki mbele ya watu. Juzi tukiwa tunachambua mboga, babako akasema bila kuniangalia, "Mwambie yule wako anishonee suti."

Niliweka kisu chini. Nikamuuliza, yule wangu nani? Akasema, "Kwani una fundi wangapi?"

Sylus, hiyo ni miaka kumi na nane tangu uache chuo cha ualimu ukaenda kukaa barazani kwa marehemu Harith pale Voi kushona kanzu. Tangu siku ile babako aliposema hatavaa nguo ya mkono wako mpaka afe. Mimi sikumkumbusha. Na wewe usimkumbushe. Shona tu.

Barua na mizigo tupitishie dukani kwa Mwanamina, mjane wa Harith. Yeye husema wewe ni mtoto wake wa kwanza, mimi nilikunyonyesha tu.

Mamako,
Teresia


Nairobi, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nimeisoma mara nyingi. Niko salama. Kazi ipo. Mwezi uliopita tulivalisha bwana harusi na wasimamizi wake watano, na yule mtangazaji wa habari za saa moja amevaa koti letu wiki nzima. Ukimwona, tazama mabega. Bega likikaa sawa mtu halioni, ndiyo kazi yenyewe.

Nitamshonea baba. Mwambie, au usimwambie, wewe unajua zaidi. Nimepata kitambaa cha sufu rangi ya majivu, kizito kidogo kwa ajili ya baridi ya Mwanda.

Nahitaji vipimo: kifua, tumbo, nyonga, bega hadi bega, mkono kutoka begani, mgongo, na mguu ndani na nje. Ile tepu niliyokuachia ina inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine, tafadhali usichanganye. Kama inakusumbua tumia kamba kama zamani.

Nisalimie Mama Mwanamina. Samahani kwa simu.

Wako,
Sylus


Mwanda, 2 Machi 2025

Mwanangu Sylus,

Salamu nyingi. Huku jua limekuwa kali, maharagwe yale yamekufa yote. Lile dume la ng'ombe pia. Lakini sisi hatujambo.

Barua yako ilikuwa nzuri ila ni ya mashine. Mwanamina alinisomea akasema, mwanetu amekuwa ofisi. Hata jina lako pale chini ni la mashine. Nilitaka kuona mwandiko wako, ile S yako yenye mkia mrefu. Si neno. Najua mtu mwenye kazi nyingi.

Nimekutumia kamba nane za katani. Kila moja nimefunga kitambaa: chekundu ni kifua, cheupe tumbo, cha bluu nyonga, cha manjano begani. Hizo nne zilizobaki nimeziandikia kwenye karatasi nikaishona. Kama tulivyokuwa tukifanya ukiwa kwa Harith, nilipokuwa nakuletea vipimo vya watoto wa shule wa huku mlimani, na Harith akicheka kwamba sisi Wadawida tunapimwa kama mbuzi wa mnada. Hakuna hata sare moja iliyorudi.

Babako ni mzima. Anakula vizuri. Jana alikula kimanga cha mihogo na maharagwe sahani nzima, akaomba tena.

Wewe unakula? Unalala? Nani anakuoshea nguo?

Mamako,
Teresia


Nairobi, 30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Pole kwa maharagwe na ndama.

Kamba zimefika. Nimezitandaza mezani na nimekaa nazo siku tatu kabla ya kukuandikia.

Mama, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nina patani ya baba, karatasi ya kukatia nguo yake. Mwaka nilioondoka nyumbani nilimpima kwa macho akiwa amesimama mlangoni akinifukuza. Kifua, bega, mkono. Nilifika barazani kwa Harith nikaichora kwenye karatasi ya kaki kabla sijasahau. Harith aliniambia fundi ambaye hawezi kumpima mtu aliyemkasirikia, huyo bado si fundi. Karatasi hiyo nimehama nayo kila nilipohama: kutoka barazani hadi duka langu la kwanza nyuma ya soko la Voi, kutoka Voi hadi hapa orofa ya nne. Nimeshonea watu ambao sikuwa na ndoto ya kusalimiana nao. Ile patani sijaikata.

Kamba zako ziko sawasawa na patani hiyo, hata unene wa kidole hazipishani. Hakuna mzee wa miaka sabini na sita anayebaki na kifua cha miaka hamsini na nane. Tena kamba nyekundu ina nafasi ya kuvaa shati na fulana ndani. Hiyo si kamba iliyozunguka mwili. Na zote zinanuka dawa ya nondo.

Ulipima lile koti lake la kazi ya reli lililo sandukuni, pamoja na suruali yake.

Sikuulizi kwa nini. Nakuomba upime tena, juu ya shati.

Sylus


Mwanda, 21 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka imepita. Cynthia alikuja na sukari na mchele, akakaa siku mbili, akalia, akarudi Njukini. Mvua zimeanza. Paa la kanisa linavuja kuliko la zamani.

Umenishika kama mtoto aliyeiba nyama chunguni. Ni kweli nilipima koti. Nililitandaza kitandani babako akiwa amelala upande wa pili, nikalizungushia kamba, nikasema Mungu atanisamehe, huu si uongo, koti ni lake.

Sikutaka ujue kwa kamba. Nilitaka ujue ukija.

Haya, hizi ndizo zenyewe. Nilimpima jana ameketi, kwa maana kusimama kunamchosha. Ile nyekundu utaona nimeifunga fundo mahali pengine. Nilipoikata ile ncha iliyobaki niliitia mfukoni, sikuweza kuitupa. Inatosha kufunga mlango wa banda la kuku.

Ni tumbo, Sylus. Lilianza mwaka jana kabla ya Krismasi. Hosipitali walimwangalia kwa mashine wakaniita mimi na Cynthia pembeni. Daktari alikuwa kijana mpole, aliongea na viatu vyake. Alisema tumpe anachopenda kula. Sasa hapendi chochote. Ile sahani ya kimanga niliila mimi, nikajua nitakuandikia, nikaandika ameila yeye.

Yeye anajua. Hatusemi. Asubuhi ananiuliza, "Fundi amefikia wapi?" Nasema anakata. Jioni ananiuliza tena. Nasema bado anakata. Akasema, "Huyo anakata suti au anakata msitu?" Nikacheka mpaka nikatoka nje.

Jana nilipokuwa nampima alinyoosha mkono mwenyewe, bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea kwenda kwa mafundi. Kisha akasema, "Nilimwambia maneno mabaya yule." Mimi nikamwambia, nyoosha na ule mwingine.

Shona haraka. Na ushone kwa mkono wako, asishone mtu mwingine. Hilo ndilo analongoja.

Mamako


Nairobi, 29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa.

Suti ndiyo hii. Koti, suruali na kizibao. Nimeacha nafasi ndani ya mshono wa pembeni na wa mgongo ili ikibidi uipunguze tena uweze. Usipige pasi juu ya kola. Itundike, usiikunje.

Mwambie baba nimejitahidi.

Sylus


Mwanda, 13 Julai 2025

Mwanangu Sylus,

Suti imefika. Mwanamina aliifungua kwanza akakivuta kitambaa akasema hata Harith asingeona kosa. Nimeileta nyumbani nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga, watu njiani wakinipa pole wakidhani nimebeba mtoto mgonjwa. Ni nzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi kwenye nyumba hii.

Sasa nitakuambia jambo na usikasirike. Nilikaa nayo mlangoni penye mwanga. Nikafungua koti nikatazama matundu ya vifungo. Ni ya cherehani.

Nikasema labda ni haraka. Nikageuza kola kwa ndani, nikatazama zile nukta za uzi mahali unapokazia kitambaa. Zimelala upande wa kulia. Wewe zako hulala kushoto, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kushika sindano ukiwa na miaka saba, na mimi nimejifunza vibaya kwa mamangu, na Harith alijaribu kukurekebisha akashindwa. Nukta za kushoto ziko kwenye kila nguo uliyoshona tangu ushone mfuko wa unga. Hizi si zako.

Nani ameshona suti ya babako?

Nimeanza kukumbuka mambo. Barua za mashine. Jina la mashine pale chini. Krismasi ya mwaka juzi ulipokuja, ulikunywa chai kwa kikombe cha bati kilichojaa nusu, na kila ukikiinua ulikuwa ukitumia mikono yote miwili. Nilisema ni baridi.

Mimi nilikudanganya kwa kamba, wewe unanidanganya kwa uzi. Tumetoshana. Sasa niambie.

Babako sijamwambia. Aliipapasa, akauliza, "Ameshona yeye?" Nikamwambia bado haijaisha, vifungo havijawekwa. Ndipo ikabidi nivitoe. Nimefumua vyote, sita vya mbele na nane vya mikononi, nimeviweka kwenye kikopo cha majani ya chai. Nikamwambia fundi atakuja kuviweka mwenyewe. Akasema, "Basi nitangoja vifungo vyangu."

Njoo ushone kimoja tu. Hivyo vingine nitamalizia mimi. Kimoja, mbele yake. Hata ukichukua siku nzima, hana pa kwenda.

Mamako


Nairobi, 10 Agosti 2025

Mama,

Hii nimeiandika kwa mkono wangu. Nilianza Ijumaa, leo ni Jumapili. Nisamehe kwa unavyoona.

Ni mishipa. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, sasa na wa kushoto. Nimeona madaktari watatu. Wa mwisho alisema mkono hautarudi, ugonjwa utaongezeka. Ni mwaka wa pili sasa.

Muinde, niliyemwajiri dukani, ndiye anayeshona. Ni fundi mzuri kuliko mimi. Mimi nasimama, natazama mtu akiingia, nasema bega lake la kushoto liko chini, yeye anaandika. Wateja hawajui. Nikiwasalimia naweka mikono mfukoni, wanasema huyu bwana ana maringo.

Patani ya baba nilijaribu kuikata mwenyewe. Mkasi ulipita katikati ya bega. Ndipo nikampa Muinde.

Mtu ambaye alinifukuza kwa sababu ya kazi hii, nimwendee niseme hata kazi yenyewe sina? Uzi hauingii kwenye tundu la sindano, mama. Huwa najaribu watu wakienda nyumbani.

Nitakuja Jumatano tarehe ishirini, kwa treni ya asubuhi. Usimwambie kuhusu mikono.

Sylus


Mwanda, 14 Septemba 2025

Mwanangu Sylus,

Nakusalimu. Cynthia yuko hapa nami, anasema atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Mchungaji amekuja mara tatu. Kuku wametaga. Ng'ombe tumemuuza kwa ajili ya shughuli. Mimi mwili ni mzima.

S yako bado ina mkia. Umetetemeka njia yote lakini ni yako, ningeijua hata gizani. Barua hiyo naiweka kwenye Biblia. Sikumsomea.

Ile Jumatano nilimnyoa ndevu, tukamvalisha shati jeupe, akaketi mlangoni. Nilikuwa nimeshaingiza uzi kwenye sindano kumi na mbili, nikazichoma kwenye mto wa kiti, ili usihangaike na tundu. Ungeshika tu. Kama mkono ungekataa ningeushika kwa juu, kama ulipokuwa na miaka saba. Nilikuwa nimefikiria yote.

Alikaa mpaka kuku wakaingia bandani. Hakuuliza fundi yuko wapi. Alisema tu, "Treni siku hizi zinachelewa." Yeye, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja.

Jumamosi Mwanamina alikuja. Jumatano alikuwa ameenda stesheni Voi kumpokea binti yake Aliya. Alikuona. Anasema ulikuwa umekaa kwenye benchi, begi miguuni, mikono umeibana kwapani kama mtu anayesikia baridi, na Voi ilikuwa inawaka jua. Alitaka kukuita akaona uso wako akaogopa. Akampeleka Aliya nyumbani, akarudi na chakula. Watu wa stesheni wakamwambia umepanda treni ya kurudi.

Sikumwambia babako. Hata yeye alinificha maumivu yake mwanzoni, kwa hivyo sina deni naye.

Jumapili tulibarikiwa. Vijana wa kanisa walimbeba kwa kiti. Alivaa suti. Nilitaka kuvishona vifungo vile mwenyewe asubuhi, akanizuia, akasema, hukuniambia fundi anakuja? Kwa hivyo koti lilikuwa wazi. Mchungaji alipotuambia tusimame, yeye hakuweza kusimama, lakini alishika koti lake kwa mkono hapa mbele, akalifunga hivyo, akalishika mpaka baraka ikaisha. Watu walidhani ameshika moyo. Walilia sana.

Babako alituacha Jumanne tarehe mbili, mchana, nikiwa nimetoka kuchota maji. Cynthia alikutumia ujumbe. Alinionyesha zile alama mbili zimegeuka buluu. Nikasema basi amesoma. Tulikungoja mpaka Jumamosi, siku ya kuzika. Nilimwambia mchungaji aongeze wimbo mmoja. Kisha akaongeza mwingine bila kuambiwa.

Sikulaumu. Naandika tena, labda ukisoma mara ya pili utaamini: sikulaumu. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kile kikombe cha bati. Ni mimi niliyeona nikasema ni baridi.

Suti ilimkaa vizuri. Mabega hayakuonekana, kama ulivyosema. Mwambie Muinde mama yako ameshukuru.

Usiniandikie kwa mashine. Ukishindwa kuandika, nitumie karatasi tupu, nitajua u hai.

Zile sindano sijazitoa kwenye mto. Vifungo viko kwenye kikopo. Nilikishika mkononi kanisani, nikakishika kaburini, hata waliponiambia nitupe udongo nilitupa kwa mkono mwingine. Kabla hawajafunika sanduku, mzee mmoja wa kanisa akaniinamia akaniuliza, mama, mbona mmemlaza na koti wazi, tumfungie?

Nikamwambia aache. Nikamwambia fundi yuko njiani.

Mamako,
Teresia